Petroli si sabuni ya kuoshea injini



Naomba niseme machache juu ya tabia ya baadhi ya wenye magari na pikipiki ya kusafisha injini kwa petroli, na tena kazi hiyo kuwapa watoto wa shule.

Kijijini kwetu gulio ni Jumamosi. Magari ya mizigo hufika tangu alfajiri, na wakati wachuuzi wanapanga bidhaa zao, madereva na utingo huyateremsha magari mtoni. Boneti hufunguliwa, petroli humiminwa katika kopo, na mvulana wa Darasa la Tano au la Sita hupewa brashi na ahadi ya shilingi elfu moja. Injini yenyewe bado ina moto wa safari. Hatua chache kutoka hapo mama lishe amekwisha washa mafiga yake, na utingo naye anavuta sigara. Mwaka jana mmoja wa wanafunzi hao aliungua mikono yote miwili na kifua, akalazwa miezi miwili. Gari lile liliondoka jioni ile ile na mzigo wake.

Wapo watakaonijibu kwamba petroli ndiyo inayokata grisi upesi. Ni kweli inakata. Lakini petroli hutoa mvuke hata katika baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hautoki ukapanda juu kama moshi, bali hutambaa chini mpaka ukute moto, kisha moto hurudi nao mpaka kwenye kopo. Kwa hiyo anayesema, “Kiberiti kiko mbali,” hajajua anachozungumza. Hata cheche moja ya waya wa betri inatosha. Sisi Watanzania tulikwisha ona nguvu ya mafuta haya pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lilipopinduka lori la mafuta na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha.

Mafuta ya taa na dizeli hayawaki upesi namna hiyo, lakini nayo huwaka yakikuta bomba la ekzosi lenye moto, na yote hulainisha mipira na kuiharibu. Sabuni ya unga, maji ya uvuguvugu, brashi na kijiti cha kukwangulia vinatosha kabisa. Kinachotakiwa zaidi ni subira, na hiyo ndiyo adimu kwa watu wa gulio.

Mwenye gari anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwake bila hatari. Kwanza injini ipoe mpaka mtu aweze kuilaza kiganja juu yake asiungue. Maji ya baridi juu ya chuma chenye moto mkali yanaweza kukipasua, na kifuniko cha rejeta kikifunguliwa wakati huo humrushia mtu maji yanayochemka usoni. Gari lisimame mahali pa wazi, mbali na jiko na paa la nyasi. Ufunguo utolewe. Waya wa betri wenye alama ya kutoa ufunguliwe kwanza, na wakati wa kufunga uwe wa mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi haitarusha cheche. Ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri usiguswe kwa mikono mitupu, kwani una tindikali. Uoshwe kwa maji yenye magadi kidogo, vifuniko vya betri vikiwa vimekazwa.

Kisha zifunikwe sehemu zisizotaka maji: altaneta, sanduku la fyuzi, mdomo wa kuingizia hewa, distributa kwa magari ya zamani na kompyuta kwa magari ya siku hizi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini ile nailoni ya ndani ya gunia la mbolea inafaa sana, ikishaoshwa. Majani makavu na viota vya panya viondolewe kwa mkono, maana hivyo navyo hushika moto njiani. Hapo ndipo povu lipakwe kwa brashi, liachwe kama dakika tano bila kukauka, lisuuzwe kwa maji ya kopo kidogo kidogo. Mashine za presha husukuma maji mpaka ndani ya plagi za waya, na gari likigoma kuwaka fundi ndiye hufaidi. Boneti iachwe wazi juani saa moja au mbili kabla ya kufunga betri.

Injini ikiwa safi huonyesha mahali oili inapovuja. (Wauza magari makuukuu wanalijua hili, huosha asubuhi ya kumpokea mnunuzi, ili uvujaji usionekane. Tazameni chini ya gari.)

Juu ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa mtoto kazi ya kumdhuru. Maji yale yenye oili ndiyo yanayochotwa na kina mama upande wa chini, na ndiyo wanayokunywa wanafunzi wetu.

Naiomba halmashauri yetu, ambayo hukusanya ushuru wa gulio kila Jumamosi, itenge kiwanja mbali na mto, kiwe na shimo lenye mchanga na maranda ya kunyonya oili, na pipa la maji. Kamati ya mazingira ya kijiji iwakataze madereva kuteremka mtoni, na atakayeonekana amempa mtoto kopo la petroli apelekwe mbele ya ofisa mtendaji siku ile ile, kabla gari halijaondoka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kilosa.