Pengo la Pembe Lisizibwe kwa Gundi

Wapo wenzangu wasemao kwamba useremala ni kazi ya walioshindwa na hesabu. Mimi nakataa. Fremu ya picha ina pembe 4, na katika kila pembe hukutana vipande viwili vilivyokatwa mshazari kwa nyuzi 45. Basi mikato ni 8. Ukipunguza nusu nyuzi tu katika kila mkato, pembe ya mwisho itaachama kwa nyuzi 4. Fremu ya pembe 6 hutaka nyuzi 30 kila mkato. Je, hiyo si hesabu?

Wengine huziba pengo kwa gundi na unga wa mbao. Haifai; gundi ikikauka hunywea, na mnunuzi huona. Wala kipimo cha msumeno kisiaminiwe bure. Kwanza vikatwe vipande viwili vya mbao mbovu, viunganishwe, vipimwe kwa guni. Ndipo mbao nzuri iguswe. Na pande zinazoelekeana ziwe na urefu sawa.

Enyi wazazi, mtoto akipenda karakana msimzuie. Huko kosa la hesabu huonekana kwa macho kabla mwalimu hajatia wino mwekundu.