Msimfutie babu jina lake

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Songea. Mkewe kajifungua salama, mtoto wa kiume, na dada yangu anataka mjukuu arithi jina la marehemu baba yetu: Otto. Kijana hataki kusikia. "Mjomba, hilo jina la Bismarck. Nitambebeshaje mwanangu?"

Sikumkemea. Tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya kuilinda kampuni ya mkoloni Carl Peters katika nchi yetu, kansela akiwa Otto von Bismarck. Tarehe hiyohiyo, mwaka 1906, Wajerumani wakawanyonga mashujaa wa Majimaji palepale Songea. Aliyekulia karibu na makaburi yao ana haki ya kuuliza.

Ila jina hili lilikuwapo karne nyingi kabla ya Bismarck. Katika Kijerumani cha kale, "ot" ni mali, utajiri. Neno hilo lilikuwa kipande cha majina marefu kama Otmar na Otfried. Watu wakayafupisha kama sisi tunavyofupisha majina ya watoto nyumbani, na kifupisho kikawa jina kamili. Mfalme Otto wa Kwanza alivikwa taji la ukaisari Roma mwaka 962. Mwaka 1876 Nikolaus August Otto alitengeneza injini ya mipigo minne, na bodaboda iliyomkimbiza mke wa mpwa wangu hospitali usiku wa kujifungua inatumia kanuni hiyohiyo.

Tena kuna jambo ambalo kijana hakulijua. Mama yake ni Otilia, na jina hilo linatoka kwenye mzizi uleule. Ni jina la Mtakatifu Odilia wa Alsace, ambaye simulizi inasema alizaliwa kipofu, akaona siku alipobatizwa. Wamisionari Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 walitoka abasia ya Sankt Ottilien, Bavaria, yenye jina la mtakatifu huyo. Ndiyo maana akina Otilia ni wengi kusini kwetu. Inaniuma kwamba tulisoma mafundisho ya dini miaka mizima na hakuna aliyetuambia majina tuliyopewa yana maana gani. Paroko anayeandikisha ubatizo angetumia dakika mbili tu kuwaeleza wazazi.

Cheti cha ubatizo cha baba ninacho, ndani ya kopo la biskuti. Kimekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachana, na jina limeandikwa kwa wino, t mbili zimesimama wima. Mama hakuwahi kuzitamka zote mbili. Akisimama mlangoni jioni, sufuria ya ugali imeshaepuliwa, aliita kuelekea shamba la mahindi: "Otooo!" Sauti ilivuka kijito, na baba akaitika huku akipangusa jembe kwa majani. Katika mwito ule sikumsikia kansela yeyote. Miaka zaidi ya arobaini mama alimwita hivyo, na jina likawa la kwao wawili kwanza, kisha letu.

Wanaosema tufute majina haya yote ya Kijerumani nawaheshimu, lakini wakifuta hili watakuwa wamemfuta mkulima wa Peramiho ambaye hakumnyonga mtu.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza aliandikeje kwa msajili. Nikamwambia aandike Oto, kwa t moja, kama bibi yake alivyoita.