Bibi harusi, unatundika sura ya nani ukutani?



Bibi harusi mmoja wa Mwanza ametuuliza swali. Shangazi yake aishie Uingereza amemletea zawadi ya medali za kauri za zamani za Wedgwood: udongo wa buluu, na sura nyeupe za watu zimetokeza juu yake. Je, azitundike sebuleni?

Rai yetu: asizitundike, ila asizitupe.

Kwanza ni dini. Wanazuoni wametofautiana kuhusu picha bapa, lakini sura yenye umbo inataka tahadhari zaidi. Nyumba mpya ianze bila shaka moyoni.

Pili ni historia. Mwaka 1787, Josiah Wedgwood alitengeneza medali ndogo ya mtumwa mweusi, amepiga magoti, amefungwa minyororo, akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Wanawake wa Uingereza waliivaa kwenye bangili na pini za nywele ili kupinga utumwa. Tunawasifu, pambo lao lilisema neno. Lakini tazama: wafalme na wakubwa walitengenezewa medali zenye majina yao, na mtumwa yule hakupewa jina.

Na sisi tusijifiche. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, miaka 86 baada ya medali ile, na miongoni mwa wafanyabiashara wake walikuwemo Waislamu wenzetu. Misafara yao ilifika hadi bara. Mwanza penyewe, Speke alifika mwaka 1858 akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza, akalipa jina la malkia wake. Tangu hapo mtoto wa Mwanza analitaja jina la Victoria kila siku bila kuuliza ni nani.

Kwa hiyo mwanetu, zifunge medali vizuri, uziweke kabatini. Siku ukijaaliwa watoto, zitoe uwasimulie yote, ya Waingereza na ya kwetu. Zawadi ya shangazi itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko kupendeza wageni.

Ukutani tundika sahani za maua, kama bibi zetu wa Unguja na Lamu walivyopamba vyumba vyao, na kando yake vikapu vya Kisukuma vilivyosukwa na mama zako. Hivyo havina sura ya mtu, lakini kila mgeni atajua ameingia kwa nani.

Allah aibariki ndoa yako. Amin.