Urefu wa Ng'ombe Wengi

Juzi nilikuwa Susuni, kule Tarime. Mpwa wangu, binti mrefu kama mlingoti, akanibana: "Mjomba, timu ya taifa ya kikapu ya akina dada inafikaje Kombe la Dunia?"

Nikamwambia, mjomba, ni ngazi hiyo. Kwanza mnamenyana na majirani wa Kanda ya 5: Kenya, Uganda, Rwanda, mpaka Misri. Mkipenya, mnakwenda Kombe la Afrika, timu 12. Bingwa ndiye mwenye uhakika: Nigeria walitwaa kombe 2025, tiketi ya dunia ya 2026 mfukoni. Waliobaki, mchujo mwingine!

"Majirani wamewahi kufika?" Wamefika! Dada zetu wa Kenya walicheza mashindano ya dunia Australia mwaka 1994. Na Sudan Kusini, mara yao ya kwanza Kombe la Afrika, 2025, wakatoka wa 3.

Binti macho yakamng'aa. Shangazi yake akadakia: "Urefu huo ni wa ng'ombe wengi."

Nikatazama huku na huku. Goli la kikapu sikuliona. Ng'ombe niliwaona.