Kabla ya Kufukuzia Pointi, Fungua Stetimenti Yako

Swali hili hutufikia karibu kila wiki: "Ni kadi gani ya mkopo inatoa pointi nyingi?" Tunaelewa linakotoka. Mtu ameona tangazo la pointi za kulipia tiketi ya ndege, au jamaa ofisini anajigamba kwamba shopping yake ya Desemba ilitoka kwa pointi. Lakini sisi tunaona swali limeanzia mwisho. La kwanza ni hili: pesa zako huwa zinaenda wapi?

Jibu unalo kwenye simu. Piga *334# au ingia kwenye programu ya M-PESA, uombe stetimenti ya miezi 3. Ikifika, usiangalie jumla tu. Chukua kalamu, pitia mstari kwa mstari, uweke alama kwenye malipo ambayo ungeweza kulipa kwa kadi kweli. Si yale ungependa kulipa kwa kadi, ni yale ambayo mwenye duka ana mashine.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Chukulia familia ya Nairobi inayotumia shilingi 50,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba 16,000, inaenda kwa Paybill ya landilodi. Matatu 6,000. Mama mboga na bucha 7,000. Tokeni za stima 1,500. Intaneti na kredo ya simu 3,000, chama 3,000, za kutuma nyumbani 4,000. Supamaketi 8,000, halafu vitu vidogo vidogo 1,500. Ukiuliza ni ngapi kati ya hizo zinaweza kupita kwenye kadi bila kujilazimisha, ni zile 8,000 za supamaketi basi. Makanga hana mashine ya kadi, na mama mboga hatanunua moja kwa ajili ya pointi zako.

Sasa tuseme kadi inakurudishia asilimia 1. Hiyo ni shilingi 80 kwa mwezi, 960 kwa mwaka. Kama ada ya mwaka ya kadi hiyo ni 2,500, umelipa 2,500 ili upewe 960. Hata waiite kadi ya dhahabu, hasara ni hasara.

Kuna watu ambao hesabu inawakubali, na hatutaki kuwanyima haki yao. Mtu mwenye gari, anayeweka mafuta ya 15,000 kwa mwezi na kununua supamaketi vitu vya 20,000 kwa ajili ya nyumba kubwa, anapitisha 35,000 kwenye kadi. Kwa asilimia 1 ni 350 kwa mwezi, 4,200 kwa mwaka. Toa ada ya 2,500, anabaki na 1,700. Si haba. Pia si safari ya Dubai, na ndio maana tunasema matangazo haya yasomwe ukiwa na kikokotoo mkononi.

Ukisikia "pointi 5,000 za kukaribisha," zigeuze ziwe shilingi kabla ya kufurahi. Kama pointi moja ni senti 20, hizo ni shilingi 1,000. Na kadi inayotoa pointi 1 kwa kila shilingi 100 inakurudishia asilimia 1 ikiwa pointi hiyo ni shilingi nzima, lakini ikiwa ni senti 20, umerudishiwa asilimia 0.2. Tangazo ni lile lile, pesa ni tofauti kabisa. Pia uliza kama kiasi hicho hicho kinapatikana ukitaka vocha ya supamaketi badala ya tiketi ya ndege, maana mara nyingi pointi huwa na thamani nzuri mahali pamoja tu, na hapo wewe huendi.

Riba ndiyo inayoumiza. Kadi ya mkopo haina riba ukilipa bili yote kwa wakati, na benki hupenda kuandika "hadi siku 50 bila riba." Neno la kuangalia hapo ni "hadi." Tuseme bili yako hufungwa tarehe 20 ya kila mwezi, na mwisho wa kulipa ni tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukinunua kitu tarehe 21 Machi, kinaingia kwenye bili ya Aprili 20, unalipa Mei 10. Hizo ni siku 50. Ukinunua tarehe 19 Aprili, kinaingia kwenye bili ile ile, na una siku 21 tu. Kwa hivyo kama una kitu kikubwa cha kununua na hakina haraka, subiri bili ifungwe. Hiyo ni faida ya bure ambayo hakuna pointi inayoweza kuishinda.

Usipolipa yote, mambo hubadilika. Tuseme umebakisha deni la 20,000 na riba ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 700 kwa mwezi mmoja. Yule wa kupata 80 kwa mwezi, karibu miezi 9 ya pointi imekwenda. Na ile "malipo ya chini kabisa" unayoonyeshwa kwenye bili haikuondolei riba, inakuondolea tu faini ya kuchelewa. Kutoa pesa taslimu kwa ATM ukitumia kadi ya mkopo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kuna ada ya kutoa na kwa kawaida riba huanza siku hiyo hiyo, hakuna cha kusubiri bili. Ukishindwa kulipa kabisa, jina linaenda CRB.

Fuliza nayo ihesabiwe humo humo. Ada yake ya kuanzia ni asilimia 1, kisha kuna ada ya kila siku. Ukifuliza ili ulipe bili ya kadi, zawadi yako ya asilimia 1 imeshaliwa kabla hujafunga simu.

Tuseme jambo ambalo halina tangazo. Kutoa shilingi 1,000 kwa wakala wa M-PESA kunagharimu shilingi 29. Ukitoa mara 3 kwa mwezi ili ukalipe dukani kwa noti, umelipa 87. Zile pointi za supamaketi zilikuwa 80. Ukilipa duka hilo kupitia till, wewe mnunuzi hukatwi kitu, ada iko upande wa mwenye duka. Lakini ukimtumia kwenye namba yake ya kawaida, shilingi 1,000 inakukata 13. Kwa wateja wengi tunaoongea nao, kupunguza safari za kwa wakala kunalipa kuliko kadi yoyote ya zawadi. Ndio, sisi tuko kwenye biashara ya malipo na tunafurahi ukilipa kwa simu. Rudia hesabu mwenyewe uone.

Na pointi zisikae. Pointi si akiba. Akiba ya benki inalindwa na KDIC hadi shilingi 500,000, lakini pointi hazilindwi na mtu. Waliokuwa na Smart Card ya Nakumatt wanajua kilichotokea maduka yalipofungwa. Mwaka 2022 Safaricom ilipotangaza kuwa pointi za Bonga zilizozidi miaka 3 zitafutwa, watu walikimbilia kuzitumia, kisha mpango huo ukasimamishwa. Safari hiyo waliponea. Sisi tunashauri uzitumie kila robo mwaka, hata kama ni kununua unga na mafuta ya kupikia.

Ukikutana na muuzaji wa kadi pale kwenye maduka makubwa, muulize ada ya mwaka wa pili ni ngapi, kwa sababu mwaka wa kwanza mara nyingi ni bure. Muulize pointi moja ni senti ngapi, zinaisha lini, na riba ni asilimia ngapi kwa mwezi. Akikuambia "tutakutumia kwa imeili," usitie sahihi siku hiyo. Na dukani, ukiambiwa bei inaongezwa asilimia 2 au 3 kwa sababu unalipa kwa kadi, weka kadi mfukoni ulipe kwa njia nyingine.

Kama tayari una kadi na kuna deni juu yake, sahau pointi kwa sasa. Acha kuitumia, elekeza kila ziada kwenye deni hilo mpaka liishe, kisha pigia benki simu uombe limiti ishushwe ifikie kile unachoweza kulipa kwa mshahara mmoja. Benki haitakupigia kukukumbusha hilo. Itakupigia kukuambia limiti yako imeongezwa.