Orodha ya maneno haitoshi kufundisha Kiingereza

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, mwanafunzi husoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza akakuta biolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza. Anachopewa ni orodha: neno huku, maana kule, kariri. Naona ni msaada dhaifu. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka 1996, hupanga maana kadhaa chini ya kidahizo kimoja na kuongeza mifano, kwa kuwa neno kama "run" humfaa anayekimbia, anayeendesha duka, hata bomba linalochuruzika. Orodha huchukua maana ya kwanza, nyingine zikaachwa.

Njia bora inaonekana sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, ambako wauzaji hupokea wateja wa Zambia na Malawi na kuzungumza nao kwa Kiingereza. Muuzaji hujifunza neno pamoja na kazi yake: bei, kipimo, punguzo, mzigo. Akikosea, mteja haelewi, naye hurekebisha hapohapo. Wapo watakaosema Kiingereza cha sokoni hakimvushi mtu mtihani wa kidato cha nne. Kweli, na hakuna anayetaka darasa lihamie Kariakoo. Cha kuazima ni utaratibu: neno litumike katika sentensi za mwanafunzi mwenyewe, likosewe, lisahihishwe. Msongamano darasani ni hoja nzito zaidi, kwani mwalimu mmoja hamalizi madaftari yote. Basi wanafunzi wasahihishane wawiliwawili, na maneno yawe matano kwa wiki badala ya hamsini.