GARI LETU LINASEMA, TULISIKILIZE

Ndugu wanaushirika,

Chini ya mwembe linapolala gari letu mchanga umekuwa mweusi. Kila mtu anauona. Mmoja anasema, "Gari limezeeka hilo." Mwingine anasema, "Ongezeni oili liende." Wa tatu anasema eti dereva mzembe. Hakuna anayeinama kutazama oili inatoka wapi. Kasoro hiyo siyo ya gari, ni ya sisi wenye gari.

Kuongeza oili siyo kutengeneza. Ndoo iliyotoboka haiponi kwa kujazwa. Oili ikipungua mno, vyuma vya injini vinasuguana vikavu, vinapata moto, injini inanoki. Sili au gasketi ni kitu kidogo, lakini injini ni fedha ya korosho za watu wengi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya kutafuta haihitaji mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Injini ikishapoa ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Usiku litandikwe boksi safi chini yake. Asubuhi tutazame tone limeangukia wapi, kisha tupandishe macho. Oili hushuka, na upepo wa safari huisukuma nyuma, kwa hiyo chanzo huwa juu zaidi na mbele zaidi. Tuanze na nati ya kumwagia oili na wosha yake kabla ya kufikiria kushusha injini. Fundi atazame pia bomba la kupumulia la injini. Likiziba, pumzi inakosa njia na inasukuma oili itoke, hata kwenye sili mpya. Na tone likiwa karibu na gurudumu, gari lisitembee kabisa mpaka fundi alione, huenda ni mafuta ya breki.

Sasa makelele ya ndani. Mchanga na mashimo ya njia zetu vinalegeza boliti, na hewa ya chumvi inazila. Mlango unagonga, kiti kinacheza, jeki inaruka. Wapo wanaocheka kwamba tumepata ngoma ya bure. Mimi sicheki, kwa sababu kelele ndogo inaficha kelele kubwa. Beringi ya gurudumu ikianza kulia, au boliti ya springi ikilegea, nani ataisikia? Basi boliti zikazwe, jeki ifungwe kwa tyubu kuukuu ya baiskeli, mlango uwekewe kipande cha mpira.

Wengine watasema tungoje mauzo. Ni kweli, kabla ya msimu mfuko ni mwembamba. Lakini gari hilo ndilo litakalobeba magunia kwenda ghalani mwezi wa Oktoba, na ndilo linalombeba mama mjamzito usiku kwenda Ligula. Mama yule hangoji mnada. Wenzetu wa Madimba wana mtambo wa gesi tangu mwaka 2015. Nani angekubali bomba lile livuje "kidogo tu"?

Nashauri hivi:

1. Fundi aitwe na alipwe sasa, siyo msimu ukishaanza.

2. Liwepo daftari la gari. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, dereva apime oili kwa kijiti chake na kuandika. Kelele mpya nayo iandikwe. Tarehe na kipimo hata sisi wa kisomo cha watu wazima tunaweza kuandika.

3. Daftari lisomwe mbele ya kamati kila wiki, na mwanaushirika yeyote akitaka kuliona aonyeshwe.

4. Oili chafu itunzwe kwenye dumu. Isimwagwe karibu na kisima wala kwenye mikoko.

Mali ya wote siyo mali isiyo na mwenyewe. Mwenyewe ni wewe unayesoma hapa ukutani. Ukipita pale mwembeni kesho, inama utazame.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji